Kokoto iliyogongwa na mama yangu

Swali lenu la wiki, "Kokoto au changarawe: lipi jina sahihi la mawe madogo?", limenigusa. Kokoto zimenilea. Mama alizigonga chini ya vilima vya Ntyuka, hapa Dodoma, miaka mingi kabla ya Serikali kuhamia, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye lile fungu. Kwa hiyo usahihi nawaachia wengine. Mimi nasema neno lina bei.

Changarawe unaikuta tu. Unaizoa korongoni mvua ikiisha, maji yameshaisugua hadi ikawa laini. Kokoto lazima mtu, au mashine, apasue jiwe, na pembe zake ndizo zinazobanana kwenye zege na kushika mataluma ya reli yasisogee. Treni ya SGR iliyoanza kutuletea abiria Julai 2024 inapita juu ya kokoto.

Siku moja, saa nane ya jua kali, fundi alisimama mbele ya fungu letu. Mama alikuwa ameketi juu ya gunia, jiwe kalibana kwa pete ya mpira wa tairi lisiruke, vidole viwili vimefungwa vitambaa.

"Shikamoo mama. Changarawe yako ndoo shilingi ngapi?"

Mama akaitikia, akaendelea kugonga. Fundi akarudia.

"Changarawe iko korongoni, mwanangu. Nenda kazoe."

Fundi akacheka, akataja bei ya changarawe. Mama akataja ya kokoto. Wakavutana mpaka kivuli cha mwembe kikatufikia, kisha fundi akapanda baiskeli, akaenda zake. Fungu likakaa wiki nzima. Jioni ile tulikula ugali kwa mlenda mtupu, nami nikamnunia mama: kwa nini asiitikie tu neno la mteja? Sasa nimekua, naona kwamba angelikubali lile neno, na bei yake angeikubali.

Nilitaka kuishia hapo, kokoto ishinde. Lakini ninapoandika nakumbuka tulivyokuwa tukichota kwenye fungu lilelile tukacheze mdako, tumechimba kishimo nyuma ya nyumba, na mama akipaza sauti: "Nyie, rudisheni changarawe zangu!" Alisema hivyo mara nyingi, kwa kinywa chake mwenyewe. Pale hapakuwa na mtu wa kumpunja.

Basi nalegeza kidogo. Kijiwe nacho ni jiwe dogo, na leo tukisema kijiwe tunamaanisha pale bodaboda wanapokaa kusubiri abiria, wala hakuna aliyedhulumiwa. Nyumbani na mchezoni, semeni mlivyozoea. Penye ndoo, bei na nyundo, hapo bado sikubali, ingawa najua mafundi wengi waaminifu huchanganya maneno haya bila nia mbaya.

Mkihitaji kura moja, andikeni kokoto. Mama bado yupo, na jibu hili nitamsomea.