Orodha ya kazi kwenye simu na kompyuta: kila faili na mwandishi wake

Nikiulizwa natumia programu gani kupanga kazi zangu, hujibu kwamba natumia faili. Ni faili la maandishi matupu liitwalo todo.txt, lipo kwenye kompyuta na lipo kwenye simu, na kila kazi ina mstari wake. Swali linalofuata ndilo gumu: unafanyaje ili orodha hizo mbili zisipishane? Wengi walioanza njia hii wameiacha kwa sababu ya swali hilo, nami naamini hawakuwa na haja ya kuiacha.

Kwanza, kwa nini maandishi matupu? Programu za orodha za kazi hufa. Astrid, iliyokuwa maarufu sana kwenye Android, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2013 na ikafungwa mwaka huohuo. Wunderlist ilinunuliwa na Microsoft, nayo ikafungwa tarehe 6 Mei 2020. Kila mara watumiaji hulazimika kuhamisha kazi zao na kujifunza upya. Faili la maandishi hufunguliwa na kompyuta yoyote na simu yoyote, na hata kampuni iliyotengeneza kihariri chako, yaani programu unayoandikia, ikitoweka kesho, kingine kitalisoma.

Mtindo ninaoufuata ulianzishwa na Gina Trapani mwaka 2006, na kanuni zake hujifunzwa kwa muda wa kunywa chai. Kazi ya haraka huanza na herufi kubwa ndani ya mabano, mradi huwekewa alama ya kujumlisha, na mahali au chombo cha kufanyia kazi huwekewa alama ya @. Kazi ikiisha, unaweka x ndogo mwanzoni pamoja na tarehe ya kuimaliza, mbele ya ile tarehe uliyoiandika. Kwa hiyo mistari miwili ya orodha inaweza kuwa hivi:

(A) 2025-03-10 Kumpigia fundi kuhusu paa +nyumba @simu
x 2025-03-12 2025-03-08 Kulipa bili ya umeme +nyumba

Tarehe huandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Usibadilishe mpangilio huo hata kama hujauzoea. Ukiandika hivyo, kupanga mistari kwa alfabeti kunazipanga pia tarehe zako kwa wakati, bila programu yoyote ya ziada.

Sasa tuje kwenye kusawazisha, yaani kuzifanya nakala za kwenye simu na kompyuta zilingane. Programu za kusawazisha mafaili, iwe Dropbox, Nextcloud au Syncthing, hazijui kwamba faili lako ni orodha. Haziioni mistari. Zinaona faili zima limebadilika au halijabadilika. Ukiongeza kazi kwenye simu ukiwa njiani bila intaneti, na kompyuta iliyoko nyumbani ikabadilisha mstari mwingine kabisa, programu hukuta matoleo mawili ya faili moja na haina namna ya kuyaunganisha. Huyahifadhi yote mawili, moja kwa jina lake na jingine kwa jina refu lenye maneno ya mgongano na tarehe. Hapo angalau umeonywa.

Hatari kubwa ni ile isiyo na onyo. Tuseme umeacha todo.txt wazi kwenye kihariri cha kompyuta. Unaongeza kazi tatu kwa simu, zinafika salama hadi kwenye diski ya kompyuta. Lakini kihariri bado kina maandishi ya zamani kwenye kumbukumbu yake. Unarudi, unaongeza neno moja, unahifadhi. Zile kazi tatu zimefutika, na programu ya kusawazisha haioni tatizo lolote: kwake, hilo ni toleo jipya lililofuata baada ya lile la simu, basi inalipeleka kwenye simu pia. Vihariri vingine huonya kwamba faili limebadilika kwenye diski, vingine hukaa kimya. Jaribu chako leo kwa mstari wa majaribio, kabla hujakiamini na kazi za kweli.

Ushauri wangu, ambao nautoa kwa kila anayenisikiliza, ni huu: kila faili liwe na mwandishi mmoja. Kompyuta pekee ndiyo iandike kwenye todo.txt. Simu iisome tu. Simu nayo iwe na faili lake, mimi naliita simu.txt, ambalo kompyuta hulisoma bila kuligusa. Vifaa viwili visipoandika kamwe kwenye faili moja, mgongano hauna pa kutokea, na lile tatizo la kihariri kilichoachwa wazi linaisha pamoja nao.

Syncthing inakuruhusu kuweka sharti hilo ndani ya mipangilio yenyewe, badala ya kutegemea kumbukumbu yako. Tengeneza folda mbili. Ya kwanza, yenye todo.txt, iwe ya kutuma tu upande wa kompyuta na ya kupokea tu upande wa simu. Ya pili, yenye simu.txt, iwe kinyume chake. Ukijisahau ukabadilisha kitu kwenye upande wa kupokea, badiliko hilo halitasafiri, na utapewa nafasi ya kulitengua.

Utauliza: je, nikimaliza kazi nikiwa na simu tu? Iandike kwenye simu.txt kwa x mwanzoni na maneno mawili matatu ya kuitambulisha. Huhitaji kunakili mstari mzima. Ukikaa kwenye kompyuta, fungua mafaili yote mawili kando kwa kando, hamishia mapya kwenye todo.txt, weka alama kwa yaliyokwisha, kisha chukua simu ufute ulichokwisha kukihamisha. Kufuta kufanyike kwenye simu, kwa kuwa simu ndiyo mwandishi wa faili hilo. Kwa kweli hatua hii ya kuhamisha nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Nikiwa njiani naandika kila kinachonijia kichwani. Nikiwa mezani naamua kipi kweli ni kazi. Mambo mengi hayavuki kizingiti hicho, na orodha yangu imekuwa fupi na ya kuaminika.

Anayeijua Git, programu ambayo watengenezaji wa programu hutunzia historia ya mafaili yao, anaweza kupinga kwamba yenyewe huunganisha mabadiliko mstari kwa mstari. Ni kweli, ila mistari iliyobadilika ikiwa jirani bado itakuomba uamue mwenyewe, na kufanya hivyo kwenye kioo cha simu ni adha. Kwa orodha ya kazi sioni faida yake.

Kuna jambo la kujua kuhusu Syncthing: haina seva ya kati inayotunza mafaili yako. Vifaa huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo lazima vyote viwe vimewashwa kwa wakati mmoja. Ukizima kompyuta kabla simu haijapokea, simu itabaki na orodha ya zamani. Kama kompyuta yako hukaa imezimwa muda mwingi, tumia folda ya kwenye wingu, kama ya Dropbox, badala yake. Kanuni ya mwandishi mmoja inafaa huko vilevile. Kwenye iPhone pia ningeanza na wingu, kwa sababu mfumo wake hauziachii programu zifanye kazi kwa uhuru zikiwa nyuma. Kwenye Android, programu rasmi ya Syncthing ilisitishwa mwishoni mwa 2024, na wengi tulihamia Syncthing-Fork. Ukishaiweka, iondoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri, la sivyo mfumo utaizima kimyakimya nawe utadhani imeharibika.

Pia usichanganye kusawazisha na kuweka nakala ya akiba. Ukifuta faili upande unaotuma, linafutika na upande unaopokea. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye vifaa vyote viwili, si kimoja, kwa kuwa Syncthing hutunza toleo la zamani pale tu badiliko linapotoka kwenye kifaa kingine.

Kwa kuandikia kwenye simu natumia Markor, inayoutambua mtindo wa todo.txt. Lakini hata ukichagua kihariri kingine, shughulikia kibodi kwanza. Kibodi hupenda kuanza mstari kwa herufi kubwa, na X kubwa haihesabiki kama alama ya kazi iliyokwisha. Kanuni inataka ndogo. Usahihishaji wa maneno nao huyageuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza. Na baadhi ya kibodi hubadilisha alama ya king'ong'o (ile ya ng') iliyonyooka kuwa iliyopinda, hivyo ukitafuta "kung'oa" kwenye kompyuta huoni kitu ingawa kazi ipo mbele yako. Zima herufi kubwa za mwanzo, zima usahihishaji na zima alama za kupinda, kisha andika mstari mmoja wenye neno kama hilo uutafute ukiwa kwenye kompyuta.