Kutoka Liège hadi Lubumbashi: nianzie wapi?

SWALI

Mama mshauri, nakusalimu kwa heshima. Niliondoka Lubumbashi nikiwa kijana, na sasa ninaishi Liège, Ubelgiji, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 9. Mimi ni fundi wa jenereta na pampu kubwa, nina mkataba wa kudumu, na nyumba tunayokaa tumeinunua kwa mkopo ambao tumekwisha kulipa zaidi ya nusu. Hatuna shida. Hata hivyo, tangu tulipomzika baba, wazo la kurudi nyumbani haliniachi: mama amebaki mtaa wa Katuba, Lubumbashi, wajukuu anawaona kwenye simu tu, na rafiki zangu wananiambia kwamba migodi ya Katanga inatafuta mafundi usiku na mchana. Nimemtumia mdogo wangu fedha, akanunua kiwanja upande wa Golf, mtaa mwingine wa mji huo, msingi umekwisha kumwagwa, na mwaka huu nataka tufike kwenye paa. Nikifika nitafungua karakana yangu. Mke wangu, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye anatunza wazee katika nyumba yao hapa Liège, anasema ninawapeleka watoto kwenye nchi wasiyoijua. Sote wanne tuna uraia wa Ubelgiji. Je, ni ujinga kuacha maisha haya? Na kama si ujinga, nianzie wapi?

Baba Ketsia, Liège

JIBU

Baba Ketsia, si ujinga. Ila katika barua yako kiwanja, msingi na paa vimepata maelezo, na karakana, ambayo ndiyo itakayowalisha, imepata sentensi moja. Ningependa tuigeuze barua hiyo juu chini.

Tuanze na pasipoti, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine. Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, na sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inaeleza kwamba Mkongomani anayepokea uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa kwanza. Ndugu zetu wengi wa Ulaya wanalijua jambo hili nusunusu, na wapo wanaopita Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, wakiwa na pasipoti mbili mfukoni. Sikushauri ujenge biashara juu ya hila ya namna hiyo, maana siku utakapogombana na mshirika au jirani, hilo ndilo jambo la kwanza atakalolifukua. Kisheria wewe unahamia nchi nyingine: utaingia kwa viza, na ili ukae na kufanya kazi utahitaji vibali vya mgeni. Sheria ina njia ya kurejesha uraia uliopotea, lakini haikuruhusu kushika zote mbili, na kabla hujafikiria kuiacha pasipoti inayowawezesha kurudi Liège siku yoyote, hilo ni neno la kuzungumza na mama Ketsia mezani, wala si la kumtangazia.

Sasa karakana. Rafiki zako hawakukudanganya: umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika mara kwa mara, na mgodi hauwezi kuacha maji yajae shimoni kwa sababu ya umeme, kwa hiyo fundi wa jenereta na pampu hakosi kazi. Lakini sheria ya tarehe 8 Februari 2017, ile ambayo kila mtu hapa huiita sheria ya sous-traitance, yaani ya kazi ambazo kampuni kubwa huzipa kampuni nyingine, imetenga kazi za namna hiyo kwa kampuni za Wakongomani zenye mtaji wa Wakongomani, na ARSP, mamlaka ya Serikali ya kazi hizo, ndiyo inayosimamia. Ukiwa na pasipoti ya Ubelgiji, huwezi kuwa mwenye kampuni hiyo peke yako. Utashawishika kumwandika mdogo wako kama mwenye hisa nyingi, kwa jina tu, huku fedha na ufundi vikiwa vyako. Usifanye hivyo, hata kama ni mtu mwaminifu kupita wote, kwa kuwa akifa leo, hisa hizo zitadaiwa na mke wake na watoto wake, na wao hawatakuwa na kosa lolote. Mimi ningeajiriwa kwanza. Miaka miwili kwenye kampuni ya hapa ingekufundisha nani analipa na nani anachelewesha ankara kwa miezi, na kipuri kinachokwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kinamgharimu fundi kiasi gani wakati mteja anapiga simu kila saa.

Fundi wa kiwanja naye asubiri. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali, haki ya kudumu juu ya kiwanja hupewa Mkongomani peke yake, na mgeni hupewa haki ya muda. Kinachothibitisha haki hiyo ni certificat d'enregistrement, yaani hati ya usajili wa ardhi. Hati ya mauzo yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa mtaa, ambayo ndiyo watu wengi huifunga kwenye plastiki na kuificha chini ya godoro, haitoshi. Mkifika, pangeni nyumba. Sheria ya mwaka 2015 inasema dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, ingawa wenye nyumba hujaribu kudai zaidi.

Nyumba ya Liège msiiuze. Ipangisheni, kodi isaidie kulipa mkopo. Haki za pensheni mlizochuma hazipotei kwa kuhama, ila bima ya matibabu ya huko haitawafuata. Nina sababu ya kusisitiza akiba. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, walipewa fedha kwa mkupuo ili waache kazi, ule mpango wa départs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Wengi walianzia kwenye magari na madeni ya ndugu, na fedha ziliisha kabla biashara haijasimama. Na wewe utakapotua, ukoo hautakuona kama mtu anayeanza upya. Utaonekana kama Ulaya yenyewe imekuja kukaa Katuba.

Kuhusu mama Ketsia, yeye ameuliza swali zuri kuliko lako. Wewe unarudi kwa mama yako na kwa lugha yako. Yeye anakuja kwenye mji wa wakwe, ambako Kilingala chake hakitamsaidia sana sokoni, na kazi ya kutunza wazee kwa mshahara ni nadra hapa, kwa kuwa wazee hutunzwa nyumbani. Atafanya nini asubuhi, baada yako kuondoka kwenda mgodini? Kwa watoto ni rahisi kidogo, kwani mji una shule ya Kibelgiji, ingawa karo yake si ya kila mfuko.

Mwombe mwajiri likizo bila malipo, mje wawili, lakini msije Julai, wakati wa ubaridi, harusi na barabara kavu. Njooni Februari, mvua ikinyesha, mpange chumba kama watu wengine, na wewe uzungukie kampuni ukiwa na vyeti vyako. Na kabla hujatuma franka nyingine ya paa, mwombe mdogo wako akupigie picha ya karatasi ya kiwanja, pande zote mbili, usome limeandikwa jina la nani.