Jimbo kufuta kura yake: lilijaribiwa 1868

Mkuu, umeuliza kama bunge la jimbo Marekani laweza kuridhia mabadiliko ya Katiba, kisha likageuka. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe majimbo mawili yalijaribu: Ohio na New Jersey. Walikuwa wameyakubali Marekebisho ya 14 (yaliyowapa uraia watumwa walioachwa huru), ila uchaguzi wa 1867 ukawapa Democrats (chama kilichoyapinga) mabunge hayo, na mwaka uliofuata wakapitisha maazimio ya kujitoa.

La New Jersey lilikuwa kali kweli. Liliishutumu Kongresi (bunge la taifa) kwa kuwafungia mlango wawakilishi wa majimbo ya Kusini. Baraza la Wawakilishi halikutaka hata kulijadili: likaamuru arudishiwe mjumbe aliyeliwasilisha, kwamba ni la utovu wa heshima, na kwenye kumbukumbu kiandikwe kichwa chake tu. Yaani barua imerudishwa mlangoni!

Waziri wa Mambo ya Nje, William Seward, alisitasita kutangaza kwamba Marekebisho yamepita, maana zilihitajika kura 28 kati ya majimbo 37 na haikuwa wazi kama hayo mawili yahesabiwe. Tarehe 21 Julai 1868 Kongresi ikayahesabu majimbo yote mawili kama yameridhia. Mahakama haikuulizwa. Kwa hiyo jibu lililopo ni la kisiasa zaidi kuliko la kisheria. New Jersey na Ohio waliridhia upya mwaka 2003.