Mashine ya cheche na mafuta ya taa: majibu ya maswali yenu

Hamjambo watu wa Malindi, na wa Watamu na Mambrui pia. Wiki jana niliandika kuhusu EDM, ile mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme bila kukigusa, na maswali yamekuja mengi na karibu yote yanaulizia uchafu wake, nimefurahi sana manake hilo jambo linaniuma siku nyingi.

Shikamoo mwalimu. Mimi fundi wa injini za boti hapa Mayungu, nina kimashine kidogo cha kutoa bolti zilizokatikia ndani ya bloku, natumia mafuta ya taa. Nikifanya nusu saa kichwa kinaniuma. Ni mafuta ama ni mimi?

Marahaba mwanangu. Ni mafuta. Hebu fikiria kinachoendelea mle ndani: elektrodi yako, kile kipande cha shaba kinachopitisha umeme, na bolti zimeachana nafasi kama unene wa unywele, katikati mna mafuta yasiyopitisha umeme, umeme unaruka pale maelfu ya mara kwa sekunde, na kila cheche joto lake linafika digrii 8,000 hadi 12,000. Chuma kinayeyuka kidogo kidogo, sawa, ndo kazi yake, lakini na mafuta yaliyozunguka ile cheche pia yanavunjika vunjika, yanatoa masizi, mvuke wa mafuta na gesi mbaya kama benzeni, ambayo inajulikana kabisa kuwa inaleta saratani ya damu. Alafu kuna moshi wa chuma chenyewe, kama ni stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu, basi mna madini ya kromiamu na nikeli humo. Wewe umeinamia pale juu unavuta vyote.

Mimi nilianzia karakana moja Mombasa, chumba hakina dirisha, kaskazi ikipiga joto mafuta yananuka mpaka usiku nikilala nayasikia kwenye shuka. Mwenzangu mikono ilibabuka yote kwa kushika mafuta ya taa bila glavu. Hatukuambiwa kitu. Kwa hivo nakwambia wewe mapema.

Cha kwanza achana na mafuta ya taa, manake mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia digrii 38 tu, na Malindi mwezi wa tatu hapo si mbali. Kuna mafuta maalumu ya EDM, yamesafishwa vitu vingi vyenye harufu na sumu, na mvuke wake hauwaki mpaka yapite digrii 60, mazuri yanapita 100. Ni ghali, najua, lakini ukichuja vizuri yanakaa muda mrefu sana. Pili weka feni ya kunyonya pembeni ya beseni, sio ya kukupuliza usoni, inyonye itoe nje. Tatu hakikisha pahali cheche inaporuka pamezama vizuri, cheche ikiruka karibu na uso wa mafuta moshi unazidi na hapo ndo moto huanza. Na glavu za naitrili, tafadhali.

Kwetu nazi tele. Kwani mafuta ya nazi hayawezi kufanya hio kazi?

Swali zuri kuliko yote haya! Mafuta ya mimea kweli hayapitishi umeme na watafiti wameshayajaribu kwenye EDM, ya alizeti, ya mawese, ya kanola, hata ya jatrofa, ule mmea wa mbegu za mafuta, na chuma kinaliwa vizuri tu. Hayawaki mpaka yapite digrii 200, na yakimwagika udongo unayala. Kwa mazingira naona hii ndo njia yenye matumaini kwetu.

Shida iko kwenye uzito. Mafuta ya mimea ni mazito, na kwenye kile kijinafasi chembamba lazima mafuta yapite haraka yaoshe uchafu wa chuma, la sivo cheche zinaruka ovyo na kazi inaharibika. Na ya nazi yana lake, yanaganda chini ya digrii 24 hivi, si mnaona wenyewe mwezi wa saba kusi likivuma asubuhi chupa ya mafuta ya nazi imekuwa nyeupe kama samli, sasa pampu itavuta nini? Alafu yakipata joto na hewa siku nyingi yanachacha na kunata. Ndo maana wengi wanayageuza kwanza kuwa biodizeli, yanakuwa mepesi. Mafuta yaliyokaangiwa viazi hotelini usiyamwage hivo hivo kwenye mashine, yana maji, chumvi na makombo.

Na jatrofa, jamani, tusisahau ya Dakatcha, ule msitu wa huku kwetu Kilifi, watu walivopinga msitu usikatwe kupandwa hio jatrofa. Mafuta ya mmea yanayotaka msitu ufyekwe mimi siyaiti safi.

Mafuta yakishakuwa meusi tunamwaga nyuma ya karakana, ardhi inanyonya. Kuna ubaya?

Upo dada yangu, na mkubwa. Chini yetu hapa ni mchanga na mawe ya matumbawe, vinapitisha kama kifumbu, na visima vyetu viko humo humo, na mbele kuna bahari na mbuga yake iliyotengwa tangu 1968. Ule weusi si masizi peke yake, ni chembe za chuma, na kama mnachonga kabaidi, ile ngumu sana ya vyombo vya kukatia, mna madini ya kobalti. Wekeni kwenye drami lenye kifuniko, acheni yatuame, ya juu yachujwe yarudi kazini. Lile tope la chini na filta kuukuu ni taka hatari kisheria, anayechukua lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, muulizeni awaonyeshe.

Si mtumie maji tu?

Yapo. EDM ya waya, ile inayokata kwa waya mwembamba, inatumia maji, ila yaliyoondolewa madini kwa rezini, vipunje vinavyonasa madini, manake maji yenye chumvi yanapitisha umeme. Maji yetu ya kisima yatamaliza hio rezini haraka, bora ya mvua. Waya wa shaba nyeupe ukishapita mara moja hautumiki tena, uzeni kwa skrapu.

Nasikia kuna EDM isiyotumia mafuta kabisa?

Ni kweli, wanapuliza gesi ama hewa kupitia elektrodi yenye tundu, Wajapani wameifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Tope la mafuta hakuna, ila uchafu unaweza kurudi kuganda kwenye chuma unachochonga, na vumbi la chuma bado linataka kunyonywa.

Bolti ikikatika lazima EDM?

Hapana. Kama imechomoza hata kidogo, chomelea nati juu yake, acha ipoe, zungusha pole pole, mara nyingi inatoka. EDM iwekee tepu za kukatia nyuzi zilizovunjikia ndani na vyuma vigumu ambavyo drili haiingii.