Wanawake wa taarabu kwenye Wikipedia: waacheni Siti na Bi Kidude wapumzike kidogo

Kila Machi, Siku ya Wanawake ikikaribia, Wikipedia ya Kiswahili hupata wahariri wapya wenye ari ya kuandika habari za wanawake. Wakifika kwenye taarabu, moja kwa moja wanakwenda kwa Siti binti Saad. Wakitoka hapo, kwa Bi Kidude. Mwaka unaofuata wanakuja wengine, nao wanaanzia kwa Siti.

Siwalaumu. Siti alitoka Fumba, mtoto wa wafinyanzi, akaja kuimba mjini Unguja, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri wakati wanawake wa pwani yetu hawakuwa wakisikika humo. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 dunia nzima iliandika. Vyanzo vyao vimejaa tele, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Ila ukurasa ulioguswa na watu wengi hauhitaji sentensi nyingine ya kusema kwamba fulani ni nguli. Pengo lenyewe liko kwa wanawake walioimba kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990. Sauti zao tunazikumbuka wote, majina yao yamekalia ndimi za mama zetu, na ukitafuta kurasa zao hupati kitu, au unapata mbegu, yaani makala changa, ya mistari miwili.

Sababu naijua, maana nimehangaika nayo muda mrefu. Taarabu ni mambo ya chama, yaani kikundi cha wanamuziki. Redioni mtangazaji alitaja chama, na kwenye lebo ya sahani mara nyingi chama ndicho kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Mtunzi wa mashairi akitajwa, mara nyingi ni mwanamume. Mwimbaji mwanamke aliyeifanya nyimbo ipendwe anabaki kuwa “sauti ya yule wa Lucky Star”. Kwa hiyo ukitafuta jina lake peke yake kwenye mtandao utakata tamaa upesi. Tafuta chama.

Ndiyo maana nashauri uanzie kwenye makala za vyama. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Fungua ukurasa wa chama, ongeza sehemu ya waimbaji, na kila jina la mwanamke utakalolikuta kwenye chanzo cha kuaminika liweke humo, likiwa na tanbihi yake. Lifanye kiungo hata kama ukurasa wake haupo. Kiungo cha ukurasa usiokuwepo huwa chekundu, nacho kinamwambia anayekuja nyuma yako kwamba hapa kuna kazi. Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza walianzisha mradi wa Women in Red mwaka 2015, na jina lake linatokana na wekundu huohuo. Wakati huo wasifu wa wanawake kule ulikuwa kama asilimia 15 ya wasifu wote. Sasa ni kama asilimia 20. Ni mwendo wa kobe, lakini umeonekana.

Usisahau vyama vya wanawake wenyewe. Siti alipokwisha kufungua njia, Unguja iliota vikundi vya akina mama vilivyoimba kwenye harusi: Sahib el-Ari, Nur el-Uyun, hata kimoja kilichojiita Royal Air Force. Wanaume walikuwa na kumbi na redio, hawa walikuwa na nyua za harusi, na historia iliyoandikwa ilipita kumbini zaidi. Siku hizi kuna Tausi, kundi la wanawake watupu la Zanzibar lililoasisiwa na Mariam Hamdani, ambamo hata vyombo wanapiga wenyewe.

Sasa vyanzo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama.

Nina shangazi yangu Tanga anayeweza kukutajia nyimbo yoyote ya zamani nani aliimba, nani aliitikia, na siku ile alivaa nini. Wikipedia haiwezi kumtumia. Kanuni ni kwamba habari iwe imeshachapishwa na mtu mwingine mahali ambapo msomaji anaweza kwenda kuhakikisha. Inauma, hasa kwa sanaa iliyoishi midomoni, na mimi naona kanuni hii inatuumiza sisi kuliko wengine. Ila kulalamika hakuandiki makala. Ninachofanya ni kumtumia shangazi kama ramani: ananiambia chama gani, mji gani, mnamo miaka gani, halafu mimi nakwenda kutafuta karatasi.

Karatasi zipo. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo, Taifa Leo na Zanzibar Leo yameandika habari za taarabu miaka nenda miaka rudi, tena kurasa za burudani za Jumapili ndizo tajiri zaidi. Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, chumba cha East Africana pale Chuo Kikuu, na Nyaraka za Taifa Zanzibar kule Kilimani ni mahali pa kuanzia. Ukipata habari, kabla hujafunga jalada andika jina la gazeti, tarehe, kichwa cha habari, jina la mwandishi kama lipo, na namba ya ukurasa. Piga picha ukurasa mzima pamoja na ule ukingo wa juu wenye tarehe. Nimewaona watu wakirudi nyumbani na picha nzuri ya habari iliyokatwa tarehe, na safari imekwenda bure.

Tanzia ndizo chanzo ninachokipenda kuliko vyote. Mwimbaji akifariki, mwandishi wa gazeti anakusanya kwa siku moja mambo ambayo hakuna aliyejishughulisha nayo kwa miaka arobaini: kijiji alichozaliwa, chama cha kwanza, chama cha pili, nani alimfundisha. Bi Shakila alipofariki Agosti 2016, safari yake kutoka vyama vya Tanga iliandikwa upya kwenye magazeti na tovuti kwa siku kadhaa. Soma tanzia tatu au nne za mtu mmoja kisha uzilinganishe. Zikigongana kuhusu mwaka wa kuzaliwa, usichague unaoupenda. Andika kwamba vyanzo vinatofautiana, na uvitaje vyote.

Kuna pia sahani zenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa taarabu ya Zanzibar na Mombasa, ikiwemo ya mwimbaji Zuhura Swaleh, na ndani ya kila sahani kuna kijitabu chenye majina. Kanda za Mombasa za lebo ya Mzuri nazo zina majina kwenye karatasi ya kasha, ingawa tahajia ni ya yeyote aliyekuwa na kalamu siku hiyo. Halafu wapo wanazuoni: Laura Fair, Janet Topp Fargion na Kelly Askew wameandika kwa kina kuhusu muziki wa Zanzibar, Tanga na Bara. Vitabu vyao usivisome kwa fahirisi ya majina ya watu peke yake. Pitia pia majina ya vyama, maana mwanamke anaweza kutajwa mara moja tu katikati ya aya inayozungumzia kitu kingine.

Kwa Siti, wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert ni hazina, lakini uliandikwa ili umwinue Siti na kumwadibisha msomaji. Uutumie kwa matukio. Sifa zake usizihamishe kama zilivyo.

Majina yanataka uangalifu wa namna yake. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la jukwaani na jina aliloandikiwa na mtu wa studio. Ukurasa uwe kwa jina analojulikana nalo zaidi, na mengine yote uyatengenezee maelekezo. Anayemtafuta Fatuma binti Baraka afike kwa Bi Kidude, anayeandika Saadi afike kwa Saad. Ni kazi ya dakika chache, na bila hiyo mtu mwingine ataandika ukurasa wa pili wa mtu yuleyule.

Nikija kwenye maudhui, nina ugomvi na namna tunavyowaandika wanawake hawa. Makala ya mwanamume inaanza na vyama alivyopigia na nyimbo alizotunga. Ya mwanamke inaanza na aliyemwoa. Ukimaliza kuandika, soma aya yako ya kwanza huku ukiweka jina la mpiga udi yeyote wa kiume mahali pa jina lake. Ukiona imekuwa ya ajabu, iandike upya. Ndoa iingie pale ilipogusa kazi, mathalani aliacha jukwaa alipoolewa, kisha akarudi.

Mipasho nayo. Miaka ya 1990 Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walijaza kumbi za Dar es Salaam, na watu walikuja kwa sababu ya ushindani ule. Huwezi kuuandika muziki wa wakati ule bila kuutaja. Lakini wahariri wengi wakifika hapo wanageuka wambeya: nani alimpasha nani, kwa sababu gani, mume wa nani. Andika muziki ulivyobadilika: kinanda cha umeme na gitaa vikapewa nafasi, mwendo ukaongezeka, watu wakaacha kukaa vitini wakainuka kucheza, na waimbaji wanawake wakawa ndio majina kwenye mabango. Hiyo ndiyo historia. Mengine, kwa mtu aliye hai, yakikosa chanzo imara yanafutwa siku hiyohiyo, tena kwa haki.

Makala yako ikiwekewa alama ya kufutwa, usikasirike na usianze kumhubiria mtu kuhusu ukombozi wa mwanamke. Iliwahi kunifikia hiyo: mhariri mmoja aliona jina halijulikani mtandaoni akahoji umaarufu wake. Nilikwenda kwenye ukurasa wa majadiliano, nikaweka habari mbili za magazeti na ukurasa wa kitabu kimoja, nikaeleza kwa mistari mitatu kwamba kazi zake zilitoka kabla ya intaneti. Alama ikaondolewa. Kinachotakiwa ni vyanzo viwili au vitatu visivyotegemeana, vinavyomzungumzia yeye hasa, si vinavyomtaja kwa kupita.

Makala ikishasimama, iunganishe na nyingine. Ukurasa usiounganishwa na chochote hausomwi. Mtaje kwenye makala ya mji wake, ya chama, ya ala kama ni mpigaji, ya tamasha la Sauti za Busara kama alipanda jukwaa lile. Na angalia upande wa pili pia: Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya siasa za TANU, lakini wengi wanaomwandika wanarukia siasa kana kwamba ile sauti ya kuita watu ilitoka mbinguni.

Mashairi ya nyimbo usiyabandike mazima, yana wenyewe. Beti moja ya kuonyesha mtindo inatosha.

Picha ni shida ya kudumu. Picha ya Facebook huwezi kuichukua, hata kama ni ya bintiye mwimbaji na amekuruhusu kwa mdomo. Mwenye haki ni aliyepiga. Kama ni jirani aliyempiga kwa simu kwenye harusi, kaa naye, mfungulie akaunti ya Wikimedia Commons, ghala la picha ambazo Wikipedia hutumia, aipandishe mwenyewe na achague leseni mwenyewe. Kama aliyepiga ni studio ya zamani, ulizia warithi. Wakikataa, acha makala bila picha, endelea na mwimbaji mwingine.