Re: Kocha wa shule na wa kulipia wanamvuruga binti

Pole dada, kama kocha wa shule anamwambia binti yako afupishe hatua akirusha mpira wa softiboli (mchezo wa kufanana na besiboli) na yule wa kulipia hapo Kampala anataka mguu uende mbali zaidi, usimwachie mtoto wa P6 (darasa la sita) aamue nani mkweli, anaishia kuogopa wote wawili. Nenda wewe kwa kocha wa shule, ila siyo mechi ikiendelea, mwombe ampigie mwenzake simu waelewane. Mechi za shule yeye ndo ana neno la mwisho, huko sitaki ubishi. Na jamani jumlisha mipira anayorusha kote kuwili, watu wanadhani softiboli kwa vile unarusha kwa chini haiumizi bega, inaumiza sana, akilalamika tu apumzishwe shule na huko kwingine pia.