Kwanza toa pumzi, maneno baadaye

Swali lenu la wiki hii linauliza tufanye nini pale hatari inapokwisha lakini mwili ukakataa kutulia, moyo ukaendelea kwenda mbio na usingizi usije. Mimi ni muuguzi wa zahanati na watu wa namna hiyo hufika kwetu mara kwa mara. Jibu langu ni kwamba mwili ulioshtuka hautulizwi kwa hoja. Huanza kutulia kwa pumzi inayotoka taratibu, na kwa kuwa karibu na mtu mwingine aliyetulia.

Sehemu ya mfumo wa fahamu inayoongoza moyo, tumbo na mishipa ya damu haingoji amri yetu. Ikihisi tishio, huamsha tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, na baada ya sekunde chache moyo huongeza kasi na damu nyingi huelekea kwenye misuli. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon alieleza mwaka 1915 kwamba hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Ndiyo maana mtu aliyenusurika ajali ya basi huambiwa amshukuru Mungu kwa kuwa amepona, akashukuru kwa dhati, na mikono yake isiache kutetemeka.

Pumzi, hata hivyo, hujiendesha yenyewe na pia hutii tukiiongoza. Tunapovuta hewa moyo huharakisha kidogo. Tunapoitoa, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni, huupunguza mwendo. Kwa hiyo ule ushauri tunaoupenda sana, kwamba mtu avute pumzi kwa nguvu, humdhuru mwenye hofu: akivuta hewa nyingi mfululizo hupoteza kabonidayoksaidi kupita kiasi, akapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, na hofu ikazidi. Mimi humwomba avute hewa kidogo kwa pua, kisha aitoe polepole kama anayepoza uji, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, na aendelee hivyo kwa dakika kadhaa. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini hushusha kiwango hicho hadi karibu mara 6. Naamini ndiyo sababu wimbo wa kubembeleza mtoto humtuliza hata mama anayeuimba.

Kuhusu mtu wa karibu, mwaka 2006 James Coan na wenzake nchini Marekani waliwapima ubongo wanawake walioolewa waliokuwa wakisubiri kupigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhikwa mkono na waume zao, dalili za tishio katika ubongo zilipungua, na zaidi kwa wale wenye ndoa njema. Mkono wa mtu wasiyemjua ulisaidia pia, ingawa kidogo. Basi badala ya kumzunguka aliyeshtuka na kumhoji ilikuwaje, mmoja wetu akae kando yake, aseme kwa sauti ya chini, na aombe ruhusa kabla ya kumgusa. Kahawa na miraa zisubiri, kwa kuwa huongeza mapigo ya moyo.

Maumivu ya kifua yasiyoisha ni ya kupelekwa hospitali mara moja, wala yasidhaniwe kuwa hofu tu. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: mara nyingine anayetetemeka mbele yangu anaishi na mtu anayempiga, na jioni atarudi kwake. Mwili wake haujakosea, kwa maana hatari haijapita, na kumfundisha kupumua ili avumilie ni kumdhulumu. Huyo atafutiwe kwanza mahali salama pa kulala na mtu wa kumsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.